Nesi Aliyegoma Kukatwa

Wanaosema Nesi alikuwa mpole hawakuwahi kuzaa mbele yake. Mimi nimezaa mara mbili, na mara zote mbili nilitoka pale zahanati nikiwa na mtoto mikononi na maneno yake kichwani. Hakuwa mtu wa matusi. Hakumtukana mtu mama yake. Yalikuwa maneno ya kawaida tu, ila alivyoyapanga yalichoma. Uchungu umenibana, nimeng'ang'ania chuma cha kitanda nalia, yeye ananawa mikono taratibu kwenye beseni na kuniuliza kama huyo baba mtoto naye analia huko aliko, au nalia mimi kwa niaba ya ukoo mzima.

Siku ile nilimchukia. Jioni akaja na kikombe cha uji wa pilipili manga, uji wa nyumbani kwake, si wa zahanati. Akasimama pembeni mpaka nikaumaliza, akachukua kikombe chake, akaondoka.

Alikuwa nesi wa shamba la mkonge, nje kidogo ya Korogwe. Baba yangu alikata mkonge hapo mpaka mgongo ukamkatalia, kwa hiyo mimi nimekulia kwenye kota za wafanyakazi, zile nyumba zilizopangwa safu, jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Nyumba ya Nesi ilikuwa ya mwisho, karibu na zahanati, ina baraza lake peke yake. Jina lake alikuwa nalo kama watu wote, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Hata mpwa wake alipokuja kutoka kwao Misima kumletea mahindi alipiga hodi akiita, "Nesi, Nesi upo?"

Gauni lake jeupe lilikuwa na wanga mwingi kiasi kwamba akikaa lilitoa sauti. Alilipiga pasi ya mkaa kila asubuhi, hata Jumapili, hata siku ambazo alijua hakuna mgonjwa atakayekuja. Viatu alivipaka chaki. Saa yake aliibandika kifuani kichwa chini, akitaka kuisoma anainamisha kidevu, na wewe uliyechelewa kliniki unajua umekwisha. Alikula amesimama. Alisema mtu akishakaa chini kula ndipo wanapokuja kumwita, bora wamkute yuko wima.

Waliokuja kwake walitoka kila upande. Wasambaa walishuka milimani, Wazigua wakatoka vijiji vya Handeni na vya hapa bondeni, na wanawake wa wafugaji wakaletwa na pikipiki kutoka mbugani, shanga zimejaa vumbi. Nesi aliwagombeza wote, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Kimasai chake kilikuwa cha kuokota, maneno machache tu ya kumwambia mtu sukuma, pumua, nyamaza. Lakini wale wanawake walimcheka mpaka wakasahau maumivu, naye akajifanya hajaelewa wanacheka nini. Mama mmoja wa kifugaji aliniambia wanamwita Yeyo, yaani mama, ila wanamwita hivyo akiwa hayupo.

Mkali namna hiyo, na bado kulikuwa na vitu ambavyo sikuweza kuviunganisha. Alituhubiria uzazi wa mpango mpaka masikio yakauma, lakini mwezi ukipita bila mtoto kuzaliwa pale anakuwa na kisirani, anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Dawa za mitishamba alizisema vibaya hadharani, na kabatini kwake kulikuwa na chupa ya mwarobaini iliyofunikwa kitambaa. Vidonge vya maumivu vya zahanati alivibania, ukiomba viwili anakupa kimoja na mahubiri. Halafu huyohuyo anakutumia sukari yake mwenyewe usiku ule unaoumwa. Meneja wa shamba alijikata kidole siku moja akaja amekishika juu kama taa. Nesi alimwonyesha benchi. Mbele yake alikuwepo mama mwenye mtoto wa kuharisha, na meneja akasubiri.

Sasa kuhusu kodi. Sijawahi kumjua mtu mwingine aliyeizungumzia kodi ya mapato kama mtu anayeishi naye. Kwa Nesi kodi ilikuwa kama mkwe asiyefaa. Kila mwisho wa mwezi alikaa barazani na karatasi yake ya mshahara, anaisoma, anaikunja, anasema, "Ameshakula." Mimi nikiwa mtoto nilidhani kweli kuna mtu. Anakula hapa, alisema, analala hapa, shambani simwoni. Wengine wakimwitikia kwamba kodi ni wizi anawakatalia. Alisema hakatai kuchangia, mtu asiyechangia ni mtu wa namna gani. Alitaka tu aonyeshwe kimoja. Barabara ya kuja zahanati ilikuwa na shimo ambalo wajawazito walishushwa kwenye pikipiki ili wavuke kwa miguu, na shimo lile lilimkuta yeye msichana likamwacha mstaafu.

Alichokuwa nacho duniani ni nyumba moja, na nyumba yenyewe haikuwa nyumba bado. Ndugu zake walimpa kiwanja Misima, kule Handeni, na yeye akaijenga kwa likizo. Likizo moja matofali yanachomwa. Likizo nyingine msingi. Sisi watoto wa kota tuliifuatilia kama vile watu wanavyofuatilia mtoto wa jirani, ameota meno, ameanza kutambaa. Kuta za vyumba vitatu zikafika juu ya madirisha, hapo zikasimama. Matofali yalikuwa ya kuchoma lakini yalishikwa kwa udongo tu, na udongo bila bati juu yake unaliwa na mvua. Kila masika yakiisha Nesi alikwenda Misima kuangalia, akirudi siku mbili hasemi na mtu. Bati lilikuwa linasubiri kiinua mgongo. Alikuwa hasemi "nikistaafu". Alisema "nikiezeka".

Tulimuaga vizuri. Hapo sina lawama kwa mtu. Kwetu mtu akistaafu anachezewa ngoma na kuvikwa kanga, na siku ile wanawake aliowazalisha walikuja na watoto wao, wengine watoto wenye ndevu. Kila mmoja akamvika kanga yake, juu ya mwenzake, mpaka Nesi akaonekana pua tu. Akapewa godoro. Akapewa mbuzi, ambaye alikula mkeka wa shughuli. Mshereheshaji alipomwomba aseme machache, alisema chakula kimechelewa na kuna wajawazito wamekaa juani, basi. Watu walipiga makofi kama ametoa hotuba.

Wiki ile ile redio ikasema.

Alikuwa na redio ndogo ya betri aliyoifunga kwa mpira, na taarifa ya habari ilikuwa haikatizwi hata kama nyumba inaungua. Ndipo akasikia kuna wabunge wanapendekeza mafao ya wastaafu yafutiwe kodi ya mapato, kwamba mtu aliyekatwa ujana wake wote asikatwe tena anapokwenda kupumzika. Nesi alisikia hayo akatulia. Kesho yake karani wa ofisi ya shamba akawaita waliostaafu msimu ule, Nesi na mnyapara mmoja na dereva wa trekta, akawaambia viinua mgongo vyao viko tayari, waje wasaini, na kodi itakatwa kama inavyokatwa kwenye mshahara. Nesi akamuuliza habari ya lile pendekezo. Karani, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema pendekezo ni pendekezo, hata yeye analo la kuongezwa mshahara. Nesi akauliza, mtu akitaka kusubiri? Karani akasema hakuna anayelazimishwa kusaini, na asiyelipwa hatolewi kwenye kota.

Laiti karani angelikaa kimya. Nesi alikuwa mtu wa taratibu. Ukimwonyesha mlango wa taratibu ataingia na atakaa humo mpaka mwisho.

Jioni ile walikutana barazani kwake wote watatu. Mimi nilikuwa nimekaa pale nanyonyesha, nilisikia kila kitu. Walikubaliana kwamba hakuna kusaini mpaka Bunge limalize. Mnyapara aliapa mkono kifuani. Dereva akasema yeye yuko tayari kulala njaa, na mkewe aliyekuwa dirishani kwa jirani akasema alale peke yake.

Mnyapara ndiye aliyeanza kuvunja kiapo. Tulijua kwa harufu, nyama inakaangwa kwake siku ya Jumanne, siku ambayo kota nzima inanuka mchicha. Alipoulizwa alisema ametumiwa na shemeji. Shemeji gani anatuma nyama kila siku wiki nzima, hakusema. Dereva alikaa zaidi, nampa haki yake. Halafu akapotea siku tatu, akarudi na pikipiki mpya ambayo kiti chake bado kina nailoni, eti ya mtoto wa dada yake, ameachiwa aitunze. Nesi alitoka barazani akaizunguka ile pikipiki akiwa ameshika kiuno. Akaisalimia shikamoo. Dereva akatazama chini.

Hakugombana nao. Waliendelea kuja barazani jioni, na aliendelea kuwamiminia chai, ila kuanzia hapo chai yao ilikuwa haina sukari, na hakuna kati yao aliyethubutu kuuliza.

Akabaki peke yake. Mimi nauza matunda Mombo, pale mabasi yanaposimama watu wapate kula. Peasi na plamsi zinashuka kutoka Lushoto, tunazipanga kwenye ndoo, tunakimbilia madirisha. Nesi akanipa kazi. Abiria wakiacha magazeti nimwokotee. Nikawa narudi jioni na magazeti yaliyofungiwa mihogo, yana mafuta, nakaa barazani kwake mtoto mmoja mgongoni mwingine miguuni, namsomea, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kumchezea na miwani hakutaka kuikubali. Nina kidato cha nne. Kusoma najua. Namsomea bei ya saruji, namsomea ajali, namsomea waziri amefungua nini wapi.

"Limepita?"

"Bado, Nesi. Wanapendekeza."

"Haya. Kesho."

Hivyo ndivyo ulivyopita mwaka. Masika yakaja, yakaenda. Mpwa wake akaja kutoka Misima kusema kona moja ya ukuta imelala chini. Nesi akamuuliza kama matofali yamevunjika au yamedondoka mazima. Akasema mengi ni mazima. "Basi yapange pembeni," akamwambia, akampa uji. Bajeti ikasomwa, redio ikaeleza soda na petroli na vifaa vya nini sijui, mafao yakatajwa kwamba bado yanaangaliwa. Yanaangaliwa na nani, hawakusema. Mimi nilikaa pale na hasira imenijaa mpaka shingoni, na yeye akaniambia nimshike mtoto vizuri, kichwa kinaning'inia.

Kila mtu alimshauri asaini. Mimi pia nilimshauri, tena kwa sauti. Nilimwambia udongo wa kule Misima hausikilizi redio. Alinijibu mara moja tu, kisha akakataa kulirudia. Alisema amekatwa kila mwezi tangu akiwa msichana, hajawahi kukwepa, hajawahi kuchelewa, hajawahi hata kunung'unika mbele ya meneja. Hajawahi kuambiwa asante. Hii moja ya mwisho aliitaka nzima. Haikuwa kwa ajili ya bati tena, nadhani. Alitaka mara moja katika maisha yake anyooshe mkono apewe kitu ambacho hakuna mtu ameshakimega.

Na ningemwacha nacho kitu hicho. Naapa ningemwacha.

Lakini shamba likaleta nesi mpya. Msichana wa umri wangu, mtoto ananyonya, begi moja. Nyumba ya nesi ni moja na ilikuwa na mtu. Basi huyu dada akawekewa kitanda kwenye stoo ya zahanati, kati ya maboksi na madumu ya dawa ya kuulia wadudu, dirisha la nyavu halifungi. Kampuni ikasema ni kwa muda. Nesi wetu alimpelekea chakula kila mchana kwenye sufuria lililofungwa kitambaa. Alimfundisha zahanati ilivyo, mlango upi unabana, benchi lipi lina msumari. Chumba hakumpa, na vyumba vilikuwepo viwili. Jibu lake kwa walionong'ona lilikuwa kwamba akimwingiza chumba kimoja leo, kesho ofisi itasema mstaafu ameshahama, na akishahama hana pa kusubiria. Alikuwa sahihi. Karani mwenyewe aliniambia ndivyo wangefanya.

Nilikwenda kliniki na mwanangu mdogo kupata sindano yake. Yule mtoto wa nesi mpya alikuwa amelazwa kwenye boksi lililotandikwa shuka. Alikuwa anakohoa kile kikohozi kikavu kinachoanzia tumboni, na stoo nzima inanuka dumu. Mama yake alikuwa anampima mwanangu uzito, anatabasamu, macho mekundu ya mtu asiyelala. Hakulalamika. Ndicho kilichoniudhi zaidi. Nikambeba mwanangu bado analia sindano, nikaenda moja kwa moja barazani.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Una sura ya ugomvi leo."

"Ninao. Yule mtoto wa stoo anakohoa."

"Namsikia. Kuta zetu unazijua. Nimempa mama yake dawa na nimemwambia amgeuze kila akilala."

"Dawa umempa. Chumba hujampa."

Akaweka redio chini. Alikuwa ameishika mapajani kama mtoto.

"Wewe mwenye mdomo," akasema, "unajua wamenikata mara ngapi?"

"Sijui. Unajua wewe. Lakini unamgomea nani, Nesi? Waziri hajui kama umegoma. Wabunge hawajui. Karani ameshasahau, anajua tu kuna mzee hajasaini. Anayejua umegoma ni yule mtoto peke yake. Yeye ndiye anayelala kwenye huo mgomo."

Mwanangu alinyamaza, nadhani kwa sauti yangu. Nesi alinitazama vile alivyokuwa akiwatazama wanawake wanaofika zahanati uchungu umeshakwisha nguvu, wamechelewa, na bado inabidi wasaidiwe.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi kanyonyeshe. Maziwa yanavuja, gauni lote limelowa."

Asubuhi alivaa nguo yake nyeupe, na wanga wote, na saa kifuani, ingawa alikuwa amestaafu zaidi ya mwaka. Akaenda ofisini. Karani alisema alisaini amesimama, baada ya kuifuta kalamu kwa leso yake. Alipoambiwa kiasi kilichokatwa aliitikia kwa kichwa tu. Wiki haijaisha akahama. Nyumba aliisugua sakafu mpaka ukutani kwa dawa, kitanda akakiacha, chandarua amekitundika na kukichomeka vizuri chini ya godoro, tayari kwa mtoto. Hakumuaga mtu. Mimi nilikuwa Mombo natembeza ndoo. Dereva, yule wa pikipiki, ndiye aliyeniambia amemwona Korogwe mjini ndani ya fuso, amekaa mbele na utingo, bati ziko nyuma.

Nilichosema kilikuwa kweli, na sikifuti. Ninachochukia ni kwamba kati ya watu wote wanaohusika, kuanzia huko Dodoma mpaka pale ofisi ya shamba, kweli hiyo ilibidi aambiwe yeye. Kwa sababu yeye ndiye pekee ambaye akiambiwa anasikia. Wale wengine ungewaimbia mpaka sauti ikauke. Hivi ndivyo inavyokwenda nchi hii, mzigo anabebeshwa mwenye tabia ya kubeba. Nimechoka kuliona. Nimechoka hata kulisema.

Ilinichukua muda kwenda kumwona. Nauli, mtoto kuumwa, biashara. Hatimaye nikapanda basi Korogwe mpaka Handeni, na kutoka hapo bodaboda mpaka Misima, mwanangu mdogo kifuani, nimebeba peasi ambazo nusu zilipondeka njiani. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na njia ilikuwa utelezi. Kijana wa bodaboda nilipomwambia nakwenda kwa Nesi hakuuliza Nesi gani.

Nilimkuta kwenye kunde zake, amejifunga kanga kiunoni, peku. Sikuwahi kuiona miguu yake. Uwanjani kwenye mkeka walikuwa wamekaa wanawake wawili, mmoja Mzigua wa jirani, mwingine wa kifugaji mwenye shanga, wote matumbo yako mbele. Wamekuja kusalimia tu, Nesi alisema, yeye hafanyi kazi tena. Kisha akamwambia yule wa shanga anyooshe mguu auone uvimbe, akamgombeza, akamwandikia kwa kidole hewani siku ya kwenda hospitali ya Handeni, mpaka yule mwanamke akairudia mara tatu.

Walipoondoka alinikaribisha. Alikalia kigoda. Nilikunywa maji nikiwa namtazama amekaa peku, sikuzoea. Alikonda. Miwani alikuwa ameikubali.

Nyumba ilikuwa imesimama. Vyumba viwili vina bati mpya linalong'aa mpaka linaumiza macho, na ile kona iliyoanguka ilikuwa imejengwa tena. Chumba cha tatu kilikuwa kuta tupu. Juu mbingu. Ndani kilikuwa kimefagiliwa, safi, hakuna hata kuku. Nilidhani fundi atarudi.

"Kile hujamalizia?"

"Kile si changu."

"Cha nani?"

"Cha serikali," akasema, kama anayemwonyesha mgeni choo kiko wapi. "Walichokata ndicho kile. Bati zangu zimeishia pale mlangoni. Kwa hiyo hapa nalala, hapa nakaa, na pale ni kwao."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinieleza mpwa wake alileta nyasi akiezeke, akamkatalia. Watu wa kikundi cha akina mama pale kijijini walitaka kumchangia bati, akawapikia chai na kuwakatalia. Hafugi chochote mle wala hahifadhi mahindi, ila anafagia kila asubuhi, maana hataki wakija wakute uchafu.

"Lakini mvua inakula kuta, Nesi. Zikianguka zitakuja na zako."

"Najua."

"Sasa si ukubali hizo nyasi tu?"

Alikuwa anamenya peasi iliyopondeka kwa kisu, anatoa mahali palipoharibika, anampa mwanangu pazuri.

"Nikikiezeka," akasema, "nitakuwa nimewasamehe. Sijawa tayari."

Mimi, mwenye mdomo, nikakimbilia habari nyingine. Nilimuuliza redio inasemaje, akasema bado wanapendekeza, safari hii na sauti nzuri zaidi, ila hata likipita halitamrudia yeye, litaanza na watakaokuja, na sawa, waje wakute. Akauliza habari ya nesi mpya. Nikamwambia anaendelea, amejifunza kugombeza. Akauliza mtoto anakohoa. Nikamwambia hakohoi, anakimbia. Akaitikia kwa kichwa, akarudia peasi yake.

Mvua ikaanza tukiwa tumekaa hapo. Ilipiga bati kwa kelele mpaka mwanangu akajificha kwapani mwangu. Kutoka ule mlango wa pembeni ilikuja sauti nyingine, mvua inaanguka kwenye udongo, ndani ya nyumba, taratibu. Nesi aliinuka, akashika ukuta kidogo mpaka magoti yakakubali, akachukua ndoo mbili akazitega mle chumbani, pale bati linapomwagia maji.

"Angalau wanitekee maji," akasema.

Tulisubiri. Nilikuwa na hasira nyingi kiasi kwamba nilihisi usingizi. Ndoo zilipojaa alianza kuinuka, nikamwambia akae. Nikampa mtoto, nikaingia mle kwenye chumba cha serikali, mvua ikanipiga kichwani na mabegani, nikainama kuzibeba zote mbili kwa mkupuo ili nitoke haraka. Kutoka mlangoni, pale bati zake zilipoishia, amempakata mwanangu, alipaza sauti ileile ya zahanati kupita kelele za mvua.

"Moja moja, wewe. Na ukunje magoti. Hicho kiuno nani atakupa kingine?"